Noah Imefika Tinde, Redio Yake Bado Iko Japani

Masafa ya FM nchini Japani yalipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Ya kwetu yanaanza 87.5 na kuishia 108. Yaweke sambamba uone yanapokutana: kutoka 87.5 hadi 90, megahezi mbili na nusu basi. Gari la familia likiteremshwa bandarini Dar es Salaam na redio yake ya kiwandani, hicho ndicho kipande cha anga linachoweza kusikiliza. Dereva anabonyeza kitufe cha kutafuta stesheni, tarakimu zinakimbia hadi 90.0, zinaruka kurudi 76.0, zinaanza upya. Anaambulia stesheni moja, akibahatika mbili. Nyingine zote ziko juu huko, na redio haina habari kwamba kuna huko juu.

Wajapani hawakufanya hivyo kwa ukorofi. Kwao eneo la 90 hadi 108 lilikuwa la televisheni, chaneli namba 1, 2 na 3. Matangazo ya analojia yalipozimwa sehemu kubwa ya nchi hiyo Julai 2011, eneo likabaki wazi, na mwishoni mwa 2014 stesheni za redio zikaanza kupandishwa hadi 95. Ila Toyota Noah nyingi zinazokatiza Tinde zilitoka kiwandani kabla ya hapo. TownAce Noah ilianza kuuzwa Oktoba 1996, na Noah iliyoirithi ikatoka Novemba 2001. Hayo ni magari yenye umri wa kuoa. Yamekuja na maisha yote ya mwenyewe wa kwanza: stika kwenye kioo ambayo hakuna anayeweza kuisoma, sauti ya mwanamke inayokutangazia kila unapowasha gari kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara, na kioo cha ramani kinachodai diski iliyobaki kwenye droo ng'ambo.

Tinde ni mahali ambapo karibu kila mtu unayemkuta ana safari ndefu. Ukitokea Nzega, hapa barabara inagawanyika: ukinyoosha unakwenda Shinyanga na Mwanza, ukikata kushoto unakwenda Isaka kwenye bandari kavu, kisha Kahama, na ukiendelea hivyo hivyo utaikuta mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya transiti yanapita usiku na mchana. Katikati yake zinapenya Noah za watu wa hapa, ambazo Jumapili ni gari la kanisani, Jumatatu zina magunia ya mpunga hadi kwenye dari, na siku mfuko ukipwaya zinageuka mchomoko na kupakia abiria wa Kahama.

Migodi nayo imezigawa familia nyingi za ukanda huu. Baba yuko Kakola, Bulyanhulu, au yuko Geita. Mama ana duka na majaruba. Watoto wako bweni Shinyanga mjini. Noah ndiyo inayowakusanya. Humo ndani kila mmoja ana anachotaka kusikia. Mama anataka kwaya ya AIC Shinyanga. Bibi, ambaye amepewa kiti cha katikati kwa heshima na kwa ajili ya magoti yake, anataka nyimbo za ngoma za Kisukuma, zile zinazoingizwa kwenye flashi na vijana wenye kompyuta pale stendi. Watoto wanataka bongo fleva. Baba anasema yeye anataka taarifa ya habari tu, halafu analala kabla haijafika michezo. Vyote hivyo vimo kwenye simu. Vimehifadhiwa humo, maana mtandao kati ya mji na mji haueleweki. Spika nne ziko milangoni, nzima kabisa. Shida ni kuitoa sauti kwenye simu na kuifikisha kwenye spika, na hapo ndipo watu wanapotoa pesa hovyo.

Ushauri wa haraka unaotolewa mitaani ni kung'oa redio ya zamani na kuweka kioo kipya cha Kichina. Sina ugomvi na vioo hivyo, vingine vinafanya kazi vizuri. Lakini mtu mwenye redio nzima ya Toyota, yenye deki ya kaseti au CD isiyokwama, anashauriwa kutupa kitu bora ili anunue tundu la shilingi mia chache lililozungukwa na taa za rangi. Kwanza vipimo: uso wa redio ya Toyota una upana wa milimita 200, wakati redio za kawaida za dukani zina 178. Zinabaki milimita 11 kila upande, na hapo ndipo unapoona vipande vya plastiki vilivyogundishwa, au vilivyokosekana. Pili, zile wati 50 mara nne zilizoandikwa kwenye boksi. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni kama volti 14.4, spika ni ya omu 4. Piga hesabu unavyotaka, redio isiyo na mtambo wa kupandisha volti haiwezi kutoa sauti safi inayofika hata wati 26 kwa spika moja. Boksi linajua hivyo. Muuzaji naye anajua.

Tuanze na njia za bei rahisi, tuzipite upesi. Kuna ekspanda, kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya antena na redio na kuyateremsha masafa, mara nyingi kwa megahezi 20, ili stesheni ya 100 isomeke 80. Inasaidia kupata redio, lakini simu haihusiki hapo. Tena ina shimo lake: stesheni iliyo kati ya 90 na 96 ikiteremshwa 20 inaangukia chini ya 76, nje ya redio kwa upande wa pili. Ilikuwa juu mno, sasa iko chini mno.

Kuna pia kile kidude cha kurusha FM ambacho madukani hukiita moduleta. Unakichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, unakiunganisha na simu, nacho kinakuwa stesheni ndogo ya mita chache. Hapa ndipo zile megahezi mbili na nusu zinapomwadhibu mwenye Noah. Kidude kinarusha kuanzia 87.5 kwenda juu, redio inasikia hadi 90, kwa hiyo ni lazima vikutane humo humo kwenye upenyo, pamoja na stesheni halisi zenye minara na majenereta. Ukiwa porini kati ya Tinde na Isaka, raha tupu. Ukikaribia mji, mhubiri au mtangazaji wa mpira anaingia katikati ya wimbo, na mwenye mnara ndiye anayeshinda.

Wenye deki ya kaseti wana bahati wasiyoijua. Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, inasomwa na kichwa cha sumaku kinachogusa utepe. Mtu akatengeneza ganda la kaseti lisilo na utepe, lenye kichwa kidogo kinachokaa uso kwa uso na kile cha redio, na waya unaotoka kando kwenda kwenye simu. Sumaku inavuka kutoka kichwa hadi kichwa, redio inaamini inasoma kaseti. Hakuna kinachofunguliwa, hakuna kinachokatwa. Kasoro zake mbili ni vumbi, ambalo Shinyanga ya kiangazi hainyimi mtu, na deki zinazogeuza upande zenyewe, ambazo zikihisi gurudumu la kaseti halizunguki sawasawa hugeuza, hugeuza tena, kisha huitema. Dawa ya kasoro ya kwanza ni pamba yenye spiriti kwenye kichwa cha deki. Ya pili haina dawa ya uhakika. Ganda lenye magurudumu mazuri linavumilika, la bei ya chini kabisa linalia kama panya aliyebanwa.

Sasa AUX yenyewe, tundu la kuchomeka simu kwa waya.

Kabla hujamlipa mtu, inama uchungulie. Baadhi ya magari haya yalikuwa na mahali pa kuchomeka mashine ya video au michezo ya watoto, pameandikwa VTR au AUX, napo pako ndani ya kidroo, chini ya dashibodi au karibu na viti vya nyuma. Tafuta pia kitufe cha AUX au VTR kwenye uso wa redio. Wapo walioendesha miaka na tundu hilo likiwa limefunikwa na risiti za mafuta.

Likikosekana, ni kazi ya fundi. Niliyemkuta Tinde ana meza yake chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka lami, na kazi yake ni umeme wa magari kwa jumla: staata, altaneta, taa, na redio zikija. Dashi ya Noah aliifungua kwa bisibisi bapa aliyoizungushia kitambaa, ili isiache kovu kwenye plastiki. Fremu ikaachia kwa vishindo vidogo vya klipu, kisha spana namba 10 kwa boliti nne, na redio ikatoka na vumbi lake. Nyuma yake plagi mbili: kubwa ya nyaya 10, ndogo ya 6. Katika Toyota za miaka hiyo waya wa bluu wenye mstari wa njano kwa kawaida ni wa betri moja kwa moja, wa kijivu unapata umeme ukigeuza ufunguo, wa kahawia ni hasi. Yeye anazijua rangi hizo, na bado kila waya aliugusa kwa testa kwanza. Gari lililopita mikono mingi, alisema, rangi zake usiziamini. Aliyekutangulia huenda alikuwa na waya mwekundu tu siku hiyo.

Nyuma ya redio nyingi za Toyota kuna pia soketi ya tatu, tupu, iliyowekwa kwa ajili ya mashine ya kubadilisha CD ambayo hukaa mbali. Inavutia, kwa sababu ndani yake kuna njia ya sauti ya kulia, ya kushoto, na hasi. Lakini huwezi kuchomeka simu hapo ukategemea kusikia kitu. Redio huzungumza kwanza na mashine hiyo kwa lugha yake ya tarakimu, na isipojibiwa haifungui mlango. Vipo vidude vinavyojifanya ni mashine ya CD ili redio ikubali. Tinde havipatikani, Mwanza ni kwa kuagiza.

Kwa hiyo fundi wetu alifungua kifuniko cha redio yenyewe. Hapa ndipo penye ujuzi, na ndipo wengi wanapoharibu. Sauti inayotoka kwenye kichwa cha kaseti ni hafifu mno, sehemu tu ya milivolti moja. Inapitia kwanza kikuza sauti cha awali, ikishapata nguvu inakwenda kwenye swichi ya kuchagua kati ya redio na kaseti, halafu kwenye kitasa cha sauti, ndipo iende kwenye kikuza sauti kikubwa na spika. Simu, ikifunguliwa sauti, inatoa mamia ya milivolti. Ukiishika hiyo ukaitia pale kwenye kichwa cha kaseti, ni mara mamia ya kile kinachotarajiwa, na kinachotoka kwenye spika ni mpasuko. Mahali pake ni baada ya kikuza sauti cha awali na kabla ya kitasa. Hapo nguvu zinalingana, na kitasa kinaendelea kuamuru sauti kama kawaida.

Alipata njia kwa kuifuata shaba kutoka kwenye miguu ya kitasa kurudi nyuma, kidole kimoja kwenye bodi, jicho kwenye lenzi. Alikata njia ya kulia na ya kushoto, akaleta nyaya hadi kwenye tundu la AUX lenye vibati vya swichi ndani: pini isipochomekwa, kaseti inapita kama zamani, ikichomekwa, vibati vinaachana na simu inashika zamu. Kila upande aliweka kapasita ndogo ili umeme mnyoofu wa redio usiifikie simu. Pini yenyewe ina mpangilio usiobadilika popote duniani: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni hasi. Pini hizi za milimita 3.5 ni wajukuu wa zile kubwa za milimita 6.35 zilizotumiwa na waunganisha simu wa karne ya 19. Pini ya simu zetu yenye pete mbili imeongezewa njia ya maikrofoni. Fundi anayetumia waya wa namna hiyo bila kupima anaweza kupeleka hasi mahali pasipo pake, ukabaki na wimbo ambao ala zinasikika na mwimbaji ametoweka.

Kuna kikwazo kimoja tena. Redio inabana sauti mpaka iamini kuna kaseti inayocheza. Kwa hiyo lazima ipewe kaseti, na kaseti lazima izunguke, hata kama haitoi chochote. Kwenye redio za CD ujanja ni huo huo, diski yenye dakika nyingi za kimya. Pembeni ya meza ya fundi kuna mfuko wa kaseti za zamani kwa kazi hiyo, na wateja wengine hukaa kuzipekua wakisahau kilichowaleta.

Viungo alivichoma kwa risasi, akavivisha mipira inayonywea kwa moto. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu desturi ya kusokota nyaya mbili na kuzifunga tepu nyeusi imeshazoeleka, na njia za kwenda machimboni hazina huruma na nyaya zilizosokotwa. Gari likitetema, kiungo kinalegea, spika ya kulia inakatika kwenye matuta na kurudi kwenye lami. Watu wanalaumu simu. Joto la kiangazi nalo huyeyusha gundi ya tepu, ikabaki uji mweusi unaonata vidoleni.

Halafu mluzi. Hili nalo lina fedha nyingi za bure ndani yake. Umeshafungiwa AUX, umeichomeka simu, kwaya inaimba vizuri injini ikiwa imezimwa. Unawasha gari, unaweka simu kwenye chaji ya tundu la kiberiti, na spika zinaanza kupiga mluzi. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Mtu ataambiwa altaneta imekufa. Mara nyingi altaneta haina kosa zaidi ya kuwa altaneta: inazalisha umeme wa mawimbi, dayodi zinaunyoosha, ila haunyooki kabisa, na vilima vidogo vinabaki kwenye nyaya za gari. Simu iliyo kwenye chaji na kwenye AUX kwa wakati mmoja imeunganishwa na hasi ya gari mara mbili, kupitia chaji na kupitia shina la pini. Hasi hizo mbili zikitofautiana hata kwa sehemu ndogo ya volti, umeme unapita kwenye waya wa sauti kutafuta njia ya kurudi, na redio inaukuza kama inavyokuza wimbo.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Chomoa chaji. Mluzi ukikatika, umekwisha jua. Unaweza kusikiliza kwa betri ya simu na kuchaji ukifika, au ununue kile kidude chenye vitransfoma viwili vidogo kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Sauti inavuka humo kwa sumaku, shaba ya upande mmoja haiigusi ya upande mwingine, na mzunguko ule unakosa njia. Mluzi usipokatika hata baada ya kuchomoa chaji, hapo ndipo fundi aangalie hasi ya redio imefungwa wapi, na kama boliti yake ina kutu.

Wanaokuja na malori wana kisa tofauti. Lori kubwa ni la volti 24, redio ya Noah ni ya 12, na kwenye njia panda kama hii redio zinahama kutoka gari hadi gari kwa biashara za usiku. Dereva anaunganisha, inawaka sekunde moja kwa mwanga mzuri kuliko wakati wowote, kisha harufu. Kibadilisha umeme cha 24 kwenda 12 ni bei ndogo kuliko redio. Fundi ana rafu nzima ya waliokuwa na haraka.

Kuhusu simu zisizo na tundu: Apple walilitoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengi wakafuata kwenye simu zao za bei kubwa. Simu nyingi za bei ya chini bado zinalo, kwa hiyo hapa mwenye simu ya bei poa ndiye anayechomeka moja kwa moja, na tajiri ndiye anayehitaji kiunganishi. Au anunue kipokezi kidogo cha blututhi kinachokaa kwenye tundu la AUX na kula umeme wa yuesibii. Kinafaa, ingawa nacho kikilishwa kwenye tundu la kiberiti kinaweza kuleta mluzi ule ule, na tiba yake ni ile ile. Redio ya zamani, kwa vyovyote, haijali sauti imefikaje kwenye tundu.

Liko jambo la wezi pia. Kioo kinachong'aa kwenye dashi ni mwaliko kwenye maegesho ya stendi na nje ya nyumba za wageni. Redio ya kaseti ya mwaka 1998 haimvutii mtu. Tundu la AUX likifichwa kwenye kidroo cha majivu, hata anayechungulia kwa tochi ataona gari la mzee asiyependa muziki.

Urefu wa waya ndio uliobaki kuamuliwa, na hapo fundi humuuliza mwenye gari. Siku niliyokuwapo mwenyewe alikuwa mama mmoja aliyefika na Noah ya kijivu, watoto wanne nyuma na mfuko wa michembe ukipita mkono hadi mkono. Walishasalimiana, ng'wadila kwa ng'wadila, na kazi ilikuwa imekwisha.

"Mayu, nikuwekee wa mita moja au wa mita tatu? Wa mita tatu unafika hadi viti vya nyuma, watoto wanachagua wenyewe."

Mama aligeuka akawatazama. Mkubwa wao alikuwa tayari ameshatoa simu.

"Weka mfupi, mwanangu. Uishie hapa kwangu. Hao wana michembe yao."